Fundi, nionyeshe kipimo kabla hujapiga Windows

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Nina steshenari hapa Tandika, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu, lakini kinachonilipia kodi ya fremu ni dizaini: kadi za michango na za harusi, ratiba za misiba, stika za bajaji, jezi za timu za mtaani, mabango ya mahafali. Kazi hizo zote zinapita kwenye kompyuta mbili. Moja ikiwa nzito, nusu ya duka imelala.

Agosti 2025 mashine yangu kubwa ilianza kuganda. Kijana wangu wa dizaini akisogeza picha moja kwenye Photoshop, programu yetu ya kutengenezea picha, kile kiduara kinazunguka na kuzunguka, mteja kasimama kaunta anatazama saa. Nikaibeba hadi kwa fundi. Akaigusagusa dakika tano, akasema ina virusi, inabidi kupiga Windows, yaani kuiweka upya. Shilingi 30,000. Ikatembea vizuri kama wiki mbili, ikarudi kule kule. Septemba akapiga tena, 30,000 nyingine, na safari hiyo akafuta kila kilichokuwamo bila kuniuliza: fonti nilizokusanya miaka mitatu, na mafaili ya wateja wanaorudi kila mwaka kubadilisha tarehe tu. Novemba niliporudi mara ya tatu akaniambia, "Mama, hii imechoka. Halafu Windows 10 yenyewe imeshaachwa, chukua nyingine." Nyingine alikuwa nayo pale pale, shilingi 1,300,000. Nikaenda kwenye kikoba chetu kuandikisha mkopo.

Katika miezi yote hiyo hakuna hata mara moja aliyonigeuzia kioo akanionyesha ni kitu gani kinaifanya mashine iwe nzito. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki ile ya Novemba tulikuwa na kazi ya shule moja ya awali ya hapa jirani. Bango la mahafali, mita 2 kwa mita 1, picha za watoto 34 waliovaa majoho, kila mmoja na jina lake chini. Mahafali Jumamosi asubuhi. Kijana alianza Alhamisi. Kufikia jioni kila hatua ilikuwa inachukua dakika nzima. Ijumaa saa 4 asubuhi Photoshop ikatoa ujumbe kwamba diski inayotumia kwa kazi za muda imejaa, ikakataa hata kusevu. Tukapoteza kazi ya siku nzima. Kijana alikaa ameshika kichwa, na mimi nilikuwa nahesabu namna ya kumrudishia mwalimu mkuu malipo yake ya awali.

Mungu akamleta mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akishughulikia kompyuta katika ofisi moja kule Posta. Alikuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja. Nikamwamkia, akaitikia, akaona nyuso zetu akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, umeshaipima?" Sikumwelewa. Akaomba kiti, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja.

Dirisha lililofunguka lipo kwenye kila kompyuta ya Windows, halihitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Lina safu za asilimia. Prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha kompyuta, ilikuwa 14. Kumbukumbu, ile tunayoiita RAM, 96. Diski, 100. Mzee akaweka kidole kwenye kioo akasema, "Kichwa hakina kazi hapa. Mikono ndiyo haina pa kuwekea vitu."

Nilimwelewa kwa sababu marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani. Meza yake ya kukatia ilikuwa fupi. Akipata gauni la harusi lenye mita nyingi, kitambaa hakikutosha mezani, akawa anakunja upande huu, anaupeleka kitandani, anarudi kukata, anaufuata tena. Mkasi wake haukuwa butu wala yeye hakuwa mvivu, siku ilimwishia njiani kati ya meza na kitanda. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. RAM ndiyo meza yake. Ikijaa, Windows huchukua baadhi ya vilivyomo na kuviandika kwenye diski, kisha huvirudisha vikihitajika, na Photoshop nayo ina utaratibu wake kama huo. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mkifika hapo mnasikia inanguruma na kialama cha mshale hakiendi.

Kisha mzee akauliza bango lina nukta ngapi kwa inchi. Kijana akajibu kwa kujiamini kabisa: 300. Ndivyo alivyofundishwa kwenye kozi yake ya miezi mitatu, kwamba 300 ndiyo ubora, kwa kila kitu.

Mzee akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Mita 2 ni inchi 78.74. Mara 300 unapata nukta, yaani pikseli, 23,622 kwa upana. Mita 1 ni pikseli 11,811 kwa urefu. Zidisha: karibu pikseli milioni 279. Kwa rangi za uchapaji, zile wino nne, kila pikseli inachukua baiti 4. Basi leya moja tu, yaani tabaka moja la picha, inayojaza bango zima ni baiti bilioni 1.1, zaidi ya GB 1. Kijana alikuwa na leya ya mandhari, leya ya mwanga juu yake, na leya ya maua. Mashine ilikuwa na RAM ya GB 4, ambayo karibu nusu yake Windows ilishaichukua, na Chrome yenye vichupo kumi na kitu ilikuwa imekalia GB nzima. Hapo bado hatujagusa watoto.

Na watoto walikuwa mzigo kuliko bango lenyewe. Picha zilipigwa kwa simu, kila moja pikseli milioni 12. Kijana aliziburuta zikaingia kama zilivyo, kisha akazipunguza kwa macho ziwe ndogo. Lakini picha iliyoingizwa namna hiyo inabaki na pikseli zake zote ndani ya faili hata ukiifanya ndogo kama stempu. Picha 34 mara milioni 12 ni pikseli milioni 408. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe baadaye, nikakaa kimya.

Tukashusha nukta kutoka 300 hadi 100. Bango likawa pikseli 7,874 kwa 3,937, takribani milioni 31, na leya moja ikashuka hadi baiti milioni 124. Ukigawa upana kwa 3, na urefu pia kwa 3, uzito unabaki sehemu moja ya tisa. Kila picha ya mtoto, ambayo kwenye bango ingekuwa na upana wa sentimita 15, tukaipunguza kwanza iwe na upana wa pikseli 600 hivi, ndipo ikaingia. Majina yote tukayatoa Photoshop, tukayapanga mwishoni kwenye CorelDRAW, programu nyingine ya dizaini, kwa sababu herufi za huko ni mistari ya hesabu, hazibebi pikseli, na zinachapwa kali hata ziwe kubwa kiasi gani.

Saa 3 usiku kazi ilikuwa kwenye flashi, kwenye mashine ile ile iliyoambiwa imechoka. Mwenye mashine ya kuchapa mabango alilifungua faili, akasema tu kwamba leo mmeniletea jepesi. Jumamosi kabla ya saa 1 asubuhi lilikuwa limefungwa getini, na wazazi walisimama kando ya barabara kila mmoja akimtafuta wake. Kadi inayoshikwa mkononi inahitaji nukta 300, wala sibishi, maana mtu anaisoma karibu na uso wake. Bango linatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Naomba walimu wa kozi fupi za dizaini, ambazo ni nyingi mno hapa mjini, wasikie hili bila kuudhika. Vijana wanatoka kwenu wanajua kuondoa mandhari ya picha, wanajua vivuli na herufi za dhahabu, lakini hawajui faili lao lina uzito gani wala uzito huo unatoka wapi. Somo hilo linahitaji saa moja, kalamu na karatasi.

Nikarudi kwenye kikoba nikafuta mkopo. Wiki iliyofuata mzee alinipa saa yake moja nyingine, akanionyesha mengine, na tangu hapo nimeendelea kujifunza mwenyewe. Nitayasema machache kwa faida ya wenzangu wa fremu ndogo.

Ndani ya Photoshop bonyeza Ctrl na K, kisha fungua sehemu iliyoandikwa Performance. Pale unaona programu imeruhusiwa kutumia kiasi gani cha RAM, na kwa kawaida huanzia asilimia 70. Mimi kwa pupa niliipandisha hadi 95 nikidhani nimeipa nguvu, mashine ikaganda zaidi, kwa sababu Windows yenyewe ilikosa pa kupumulia. Nikarudisha. Hapo hapo kuna idadi ya hatua ambazo programu inazikumbuka ili uweze kurudi nyuma. Yetu ilikuja na hatua 50. Kwenye faili zito kumbukumbu hiyo ya hatua nayo inakula nafasi, tumeishusha hadi 20 na kijana hajalalamika. Chini ya dirisha, upande wa kushoto, kuna kimshale kidogo. Ukikibonyeza ukachagua Efficiency utaona asilimia: ikiwa 100 kazi yote imo ndani ya RAM, ikishuka ujue safari za kwenda kwenye diski zimeanza. Sasa hivi kijana anakitazama kile kipimo kama dereva anavyotazama mshale wa mafuta.

Ujumbe ule wa diski kujaa ulikuwa na sababu yake pia. Diski C ilikuwa imebaki na GB 3 tu, na GB 60 zilikuwa ni sinema zilizotafsiriwa ambazo kijana alikuwa akitunza ili atazame wakati hakuna wateja. Sikumgombeza sana. Tulizihamishia kwenye diski ya nje. Lakini kumbe programu ya dizaini inahitaji uwanja mpana wa wazi kwenye diski hata kama faili lako ni dogo, na uwanja huo usiwekwe kwenye flashi, maana flashi nyingi ni za polepole kuliko hata diski ile ya zamani.

Baada ya hapo ndipo nikaenda Kariakoo. Nilichomoa kipande cha RAM cha mashine yangu nikaenda nacho ndani ya bahasha, kwa sababu mzee alinionya kwamba DDR3 na DDR4, aina mbili za RAM, haziingiliani, mkato wake uko sehemu tofauti. Duka la kwanza waliniwekea DDR4 mkononi bila hata kutazama bahasha yangu. La pili wakatazama. GB 8 ya DDR3 iliyokwisha kutumika nilipewa kwa 45,000, na SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 256 kwa 70,000. Jumla shilingi 115,000. Windows na Photoshop tukavihamishia kwenye SSD, ile diski ya zamani ikabaki kabati la kazi zilizokwisha. Sitaki kutia chumvi: haikuwa mashine mpya. Ila sasa kijana akisogeza picha, inasogea.

Mashine yangu ya pili ilinifundisha jambo lingine, nalo linaniuma zaidi kwa sababu nililipia. Mwaka 2023 niliongezewa RAM kwenye duka moja la mafundi hadi ikawa GB 8, nikaambiwa imesoma vizuri. Miaka miwili nashangaa mbona haina tofauti. Mzee alifungua taarifa za mfumo akanionyesha kwamba Windows iliyowekwa ni ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza namna gani. Nusu ya RAM yote ilikaa ndani ya boksi bila kazi. Aliyekiuza alikuwa na njia ya kuangalia kwa sekunde 10.

Na hiyo habari ya Windows 10 ni kweli, Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini watu wasitishwe nayo wakanunua vitu visivyowafaa. Windows 11 inataka RAM ya angalau GB 4, na hiyo ni ya kuwaka tu. Photoshop ya sasa inataka angalau GB 8, na watengenezaji wake wenyewe wanashauri 16. Anayemuuzia dizaina mashine "mpya" yenye GB 4 mwaka huu anamuuzia ugonjwa ule ule kwenye boksi jingine. Tena zipo laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye ubao, haiongezwi kamwe. Mnunuzi aelezwe hilo kabla hajatoa pesa. Zile programu zinazodai kuongeza RAM kwa kubonyeza kitufe nazo msizipotezee muda. Zinachofanya ni kusukuma vitu kwenye diski ili namba ipungue kwenye kioo, kisha vitu hivyo hivyo vinarudishwa polepole.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Nawajua wanaokesha na mashine ya mtu na kumrudishia mafaili yote salama, na najua kodi ya fremu ilivyo. Najua pia kuna siku kupiga Windows ndiyo dawa, na kuna siku tatizo si RAM kabisa: diski inakufa, feni imejaa vumbi, virusi wapo kweli. Kwa hiyo dirisha lile la asilimia lisiwe la kumkomoa fundi. Ni la wote wawili kukubaliana mgonjwa anaumwa wapi. Nasi wateja tunalo letu. Tunafika tukiwa tumeshaamua, "nipigie Windows," kama mtu anayeingia duka la dawa na kutaja sindano. Na tunafungua kila kitu kwa wakati mmoja: WhatsApp ya kioo kikubwa, muziki wa YouTube, vichupo ishirini, kisha tunamlaumu Photoshop. Dukani kwangu muziki sasa unatoka kwenye redio.

Ninachoomba ni kidogo. Muuza kompyuta aandike kwenye risiti ukubwa wa RAM, aina yake, na kama inaongezeka au haiongezeki. Fundi asipige Windows ya mtu kabla ya kumuuliza nini kisifutwe. Na gazeti lako, Mhariri, linalotupa kurasa nzuri za kilimo cha matikiti na ufugaji wa kuku, litutengee hata robo ukurasa kwa mambo ya namna hii, maana wako vijana wengi kuanzia Mbagala hadi Mwenge wanaokula kwa kipanya na kibodi.

Fundi wangu wa Agosti sijamtaja jina na sitamtaja. Napita mbele ya duka lake kila siku ninapoenda kupanda daladala, tunasalimiana vizuri. Mashine yangu ya pili inahitaji kuwekewa Windows ya biti 64, na mafaili nimeshayahamisha yote. Nitamletea yeye. Ila safari hii, fundi, nitasimama upande wako wa kaunta, na kabla hujagusa chochote naomba ubonyeze vile vitufe vitatu unigeuzie kioo.

Mama Steshenari,
Tandika, Dar es Salaam